Pesa yako ikiingia kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, nani anaitumia na nani anakulipa? Uzi kwa watu wa Tanga

Mhasibu wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, asalaam aleykum, na habari za kazi kwa wote.

Nimeandika uzi huu kwa sababu siku hizi habari ya vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja imekuwa gumzo la kila baraza hapa Tanga, tangu Ngamiani hadi Raskazoni, na karibu kila anayeniuliza huanza na kumaliza kwa swali moja: mfuko gani unalipa zaidi? Swali hilo ni halali, maana hakuna atoaye fedha yake ili ipungue, lakini linaulizwa mapema mno. Yako mawili yanayotakiwa kulitangulia. Fedha yangu inakwenda kwa nani? Na huyo anayeipokea atatoa wapi ya kunirudishia pamoja na ziada? Mtu akishayajibu hayo, suala la kiwango cha faida huwa jepesi, na wakati mwingine hujijibu lenyewe.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hukusanya fedha za watu wengi, wenye nacho na wenye kidogo, na kuzikabidhi kwa meneja ambaye kazi yake ni kununua kwa niaba yao hatifungani (hati za kuikopesha Serikali, taasisi au kampuni kwa riba), hisa, dhamana za muda mfupi za Serikali na amana za benki. Kila aliyetoa fedha hupewa vipande kwa kadiri ya alichotoa. Bei ya kipande haipangwi kwa kukisia. Hukokotolewa kila siku ya kazi: thamani ya mali yote ya mfuko kwa bei ya soko, ikiondolewa madeni na gharama, kisha ikigawanywa kwa idadi ya vipande vilivyo mikononi mwa watu. Tuseme mfuko una mali ya shilingi bilioni 500, unadaiwa bilioni 2, na vipande vyake ni bilioni moja. Kipande kimoja kitakuwa na thamani ya shilingi 498. Kesho mali ikipanda au ikishuka, namba hiyo nayo itapanda au kushuka.

Naomba tusimame kidogo kwenye namba hiyo, kwa maana ndiyo uti wa mgongo wa jambo lote. Bei ya kipande inapofuata thamani halisi ya mali, anayetoka leo anachukua haki yake tu na anayebaki hadhulumiwi. Bei ikipangwa kwa kuwaridhisha watu, wanaowahi kutoka hulipwa kwa fedha za wanaobaki. India walilipata somo hilo kwa maumivu. Mfuko wao mkubwa ulioitwa US-64, ulioanzishwa mwaka 1964 na kuaminiwa na mamilioni ya wastaafu na watumishi, ulikuwa ukiuza na kununua vipande kwa bei iliyotangazwa na uongozi, bila kuifungamanisha na thamani ya kilichomo ndani. Bei za hisa zilipoporomoka, pengo likaonekana, na mwezi Julai 2001 mfuko ukasimamisha kununua vipande kutoka kwa wanachama wake. Kwa hiyo ukiona kipande chako kimeshuka kidogo, usikimbilie kusema umeibiwa. Mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi na mfuko ambao bei yake haijawahi kutikisika hata siku moja ilhali una hisa ndani yake.

Kwetu Tanzania jambo hili si geni sana. Kampuni ya awali ya dhamana za uwekezaji, UTT, ilianzishwa mwaka 2003, na Mfuko wa Umoja ukafunguliwa mwaka 2005. Baadaye ikafuata mifuko ya Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani, na tangu mwaka 2013 yote husimamiwa na UTT AMIS, ambayo ni mali ya Serikali. Siku hizi wapo pia mameneja wengine, wakiwemo Watumishi Housing wenye Faida Fund, pamoja na kampuni binafsi. Wote husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui, nami naliona kuwa muhimu kuliko kiwango cha faida. Meneja wa mfuko hakai na mali yenyewe. Mali hutunzwa na benki iliyoteuliwa kuwa mwangalizi, kwa jina la mfuko, na hesabu hukaguliwa na mkaguzi wa nje. Meneja akifilisika, wadai wake hawana haki ya kugusa vipande vyenu. Vilevile, meneja kuwa kampuni ya Serikali hakufanyi fedha zenu ziwe za Serikali, wala hakuifanyi Serikali iwe mdhamini wa faida yenu. Waraka wa toleo, yaani maelezo rasmi ya mfuko kwa wanunuzi, husema wazi kwamba thamani inaweza kushuka. Aidha, bima ya amana, ambayo sasa humlipa mteja wa benki iliyofilisika hadi shilingi 7,500,000, inahusu amana za benki tu. Mwenye vipande hana kinga hiyo. Kinga yake ni ubora wa kile kilichonunuliwa.

Sasa tufuate shilingi yenyewe.

Ukifungua taarifa za mifuko mingi ya hapa nchini, utakuta sehemu kubwa ya fedha imenunua hatifungani za Serikali. Benki Kuu huendesha mnada kwa niaba ya Hazina. Benki za biashara na mifuko ya hifadhi ya jamii ndio wanunuzi wakubwa, na mifuko yetu ya pamoja imo miongoni mwao. Maana yake ni kwamba mama wa Mgandini anayeweka elfu hamsini kwa simu ameikopesha Serikali, na riba atakayolipwa itatoka kwenye mapato ya Serikali, yaani kodi za bandarini, za madukani na za viwandani, pamoja na mikopo mingine. Sisemi hivyo kwa kumtisha. Nasema ajue kuwa mdaiwa wake ni nani.

Na bei ya deni hilo hubadilika. Mwaka 2022 Serikali ilishusha viwango vya riba kwa hatifungani mpya: ile ya miaka 20 ikatoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ile ya miaka 25 ikatoka 15.95 hadi 12.56. Aliyekuwa na karatasi ya zamani ya milioni moja alikuwa na haki ya kulipwa shilingi 154,900 kwa mwaka, ilhali mpya ilimpa mwenzake 121,000. Katika hali hiyo nani angeuza ya zamani kwa milioni moja? Kwa hesabu ya kawaida, karatasi hiyo ingestahili zaidi ya milioni 1.2 iwapo muda wake uliobaki ulikuwa mrefu. Igeuze hesabu: unayo hatifungani ya asilimia 12.10 ya miaka 20, kisha wanunuzi wakaanza kudai asilimia 14. Karatasi yako itapata karibu shilingi 870,000 tu ukilazimika kuiuza leo. Serikali haijavunja ahadi yoyote, riba yako inaendelea kuingia, lakini bei imeshuka. Ndiyo sababu mfuko wenye hatifungani za muda mrefu unaweza kutikisika hata pale ambapo hakuna mdaiwa aliyeshindwa kulipa.

Hapa Tanga tumebahatika kuwa na mfano ulio mbele ya macho yetu. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya mradi wenye manufaa kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa mara mbili. Wanunuzi walileta zaidi ya kilichoombwa, shilingi bilioni 54.72, na hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Mei mwaka huo. Fedha hizo zilikusudiwa kupanua uzalishaji na usambazaji wa maji kutoka chanzo chetu cha Mabayani katika mto Zigi. Mwenye milioni moja ndani yake hupata shilingi 67,500 kila miezi sita kabla ya makato yoyote yanayoweza kumhusu. Nani anamlipa? Wewe na mimi, kupitia bili za maji. Huwezi kupata mfano ulio wazi zaidi ya huu wa fedha za watu kugeuka kuwa bomba, na bomba kugeuka kuwa mapato, na mapato kurudi kwa watu. Uzuri wake ni kwamba mkazi wa Duga au Chumbageni ana njia ya kuuona mradi wenyewe bila kusubiri taarifa: je, maji yanatoka? Mita zinasomwa? Maji yanayopotea njiani yanapungua? Hayo ndiyo yanayoamua kama deni litalipika kwa raha au kwa taabu.

Nimalizie sehemu yangu kwa kundi linalosahauliwa, wale wanaodhani kuwa mambo haya hayawahusu. Mfanyakazi wa bandari, wa kiwanda cha saruji Pongwe au wa shamba la mkonge anayekatwa mchango wa hifadhi ya jamii tayari ni mwekezaji, apende asipende. Mwaka 2018 mifuko minne ya hifadhi ya jamii ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Fedha hizo hununua hatifungani, hisa, majengo, na wakati mwingine miundombinu mikubwa. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 lilijengwa kwa NSSF kuchangia asilimia 60 na Serikali asilimia 40, na tozo ya wanaovuka ndiyo iliyotarajiwa kurejesha fedha. Hapo utaona mvutano ambao hauna jibu rahisi: mvukaji anataka tozo ndogo, na mwanachama wa mfuko anataka fedha zake za uzee zirudi na faida. Wote wawili wana haki. Msimamo wangu ni kwamba fedha za mchango wa lazima zinapaswa kupimwa kwa maslahi ya mwanachama kwanza. Huduma kwa umma ikihitaji ruzuku, ruzuku itoke kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge, mahali ambapo kila mtu ataiona.

Karibuni kwa maswali.

Mama wa Kikundi, Ngamiani

Shukrani nyingi, kaka yangu. Sisi tuna kikundi cha akina mama, tunaweka kila wiki na tunagawana mwezi wa kumi na mbili. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na baadhi ya wenzangu wanapendekeza tuziweke kwenye vipande ili zizae. Wengine wanaogopa kwamba siku ya kugawana tutaambiwa tusubiri. Unatushauri nini?

Mhasibu wa Chumbageni

Dada yangu, hofu ya wenzako ina msingi, na naomba msiipuuze. Ninyi mna tarehe. Fedha yenye tarehe ya karibu haifai kuwekwa mahali ambapo bei inaweza kushuka wiki moja kabla ya mgao, kwa hiyo mifuko yenye hisa nyingi iondoeni kabisa kwenye mazungumzo. Mfuko wa aina ya ukwasi, yaani ule ulioundwa ili fedha itoke kwa wepesi, hauwekezi kwenye hisa, na mwenye vipande hulipwa ndani ya siku chache za kazi baada ya kuomba. Huo unaweza kuwafaa kwa fedha ambazo hazihitajiki kwa mikopo ya ndani ya kikundi, mradi muombe kuuza vipande mapema, si siku ile ile ya mgao.

Hata hivyo, ukwasi haumaanishi kutokuwepo hatari. Mwezi Septemba 2008 nchini Marekani, mfuko wa fedha ulioitwa Reserve Primary, uliokuwa ukiaminika kuwa salama kama akiba ya benki, ulikuwa umeikopesha kampuni ya Lehman Brothers. Kampuni hiyo ilipofilisika, kipande kilichokuwa na thamani ya dola moja kikashuka hadi senti 97, na watu wakakimbilia kutoa fedha kwa pamoja hadi mfuko ukazuia malipo. Kwa hiyo someni taarifa ya mfuko mwone kiasi gani kimo kwenye amana na dhamana fupi, na kiasi gani kimo kwenye hatifungani za miaka mingi. Kama sehemu kubwa ni ya miaka mingi, wepesi wa kutoa fedha unategemea wanachama wasitoke wote kwa wakati mmoja.

Jambo jingine ni la ndani ya kikundi chenu. Akaunti ifunguliwe kwa jina la kikundi chenye usajili, kwa watia saini zaidi ya mmoja, wala isifunguliwe kwa jina la mwenyekiti. Kufuli tatu za sanduku zilikuwa na hekima yake, na hekima hiyo lazima ihamie kwenye akaunti.

Mwalimu Mstaafu, Korogwe

Nimesoma kwa makini na ninashukuru kwa lugha inayoeleweka. Mimi nimestaafu, nimepokea malipo ya mkupuo, na watoto wananishauri ninunue hatifungani ya miaka 25 moja kwa moja Benki Kuu kuliko kumpa meneja ada. Wanasema Serikali haiwezi kufilisika. Je, ni kweli? Na je, niiweke yote?

Mhasibu wa Chumbageni

Shikamoo, mwalimu. Naomba nianze na hilo la mwisho: usiweke yote, wala mahali pamoja.

Kununua moja kwa moja kunawezekana, na kiwango cha chini cha hatifungani ni shilingi milioni moja. Faida yake ni kwamba unajua riba yako tangu siku ya kwanza, inaingia kila miezi sita, na ukikaa na karatasi hadi mwisho, kupanda na kushuka kwa bei sokoni hakukuhusu. Ugumu wake ni muda. Miaka 25 kwa mtu aliyestaafu ni muda ambao mwenye kuujua ni Mungu peke yake, na ukipatwa na dharura utalazimika kutafuta mnunuzi kupitia dalali kwa bei ya siku hiyo. Mfuko wa hatifungani hukuondolea ugumu huo, maana meneja ndiye anayenunua vipande vyako, na ipo mipango inayokulipa gawio kila mwezi au kila nusu mwaka. Kwa huduma hiyo unatozwa ada ambayo tayari imeondolewa kwenye bei ya kipande unayoiona. Ningependa uweke kando matumizi ya mwaka mzima au zaidi mahali pa kutolewa haraka, kisha kinachobaki ukigawe kati ya hatifungani za miaka tofauti na mfuko, ili pasipite muda mrefu bila sehemu fulani kuiva.

Kuhusu Serikali kutofilisika, watoto wako wana nia njema lakini wamesema zaidi ya ukweli. Serikali inayokopa kwa shilingi yake yenyewe ni mdaiwa mzuri kuliko karibu wote waliopo nchini. Hata hivyo, tutazame Ghana. Mwezi Desemba 2022, nchi ilipozidiwa na madeni, Serikali yake ilitangaza kubadilisha hatifungani za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Vyama vya wafanyakazi vilipinga hadi mifuko ya pensheni ikaondolewa kwenye mpango huo, na wastaafu waliokuwa na hatifungani binafsi walikwenda kukaa mbele ya Wizara ya Fedha mjini Accra mwanzoni mwa mwaka 2023 hadi nao wakasikilizwa. Hatifungani zilizomo kwenye mifuko ya pamoja zilishuka thamani, na wenye vipande wakaumia. Sisemi kuwa sisi tuko huko. Nasema kwamba mtu anayesoma habari za bajeti na deni la Taifa anasoma habari za pensheni yake.

Mkazi wa Duga

Mimi hilo la kuikopesha Serikali ndilo ninalolipinga. Tunaambiwa tuwekeze, kumbe tunaikopesha Serikali ili inunue magari ya wakubwa. Kwa nini nisiongeze bidhaa dukani kwangu?

Mhasibu wa Chumbageni

Ndugu yangu, ukiwa na duka linalozungusha mtaji vizuri, huenda kweli bidhaa zikakulipa zaidi, na hakuna mfuko utakaokushinda kwa biashara unayoijua mwenyewe. Tofauti ni kwamba duka linataka uwepo wako kila siku, na siku ukilala hospitalini mauzo yanalala nawe.

Hoja yako ya kwanza ni nzito zaidi na inastahili jibu. Fedha za hatifungani za Serikali huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Sehemu hulipa madeni yaliyoiva na sehemu hugharamia bajeti, kwa hiyo mwenye hatifungani hawezi kunyoosha kidole na kusema daraja lile ni la shilingi yangu. Anachoweza kufanya ni kufuatilia bajeti inayosomwa mwezi Juni na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni mwezi Aprili. Ripoti hizo zimo mtandaoni, na sehemu zake zinazohusu mashirika ya umma na mifuko ya hifadhi ya jamii zinasomeka hata na asiye mhasibu. Mimi naamini kwamba raia anayeidai Serikali fedha yake ana sababu ya ziada ya kuzisoma.

Na ndiyo maana naipenda hatifungani ya maji ya hapa kwetu. Ile ina kazi iliyotajwa, ina chanzo cha mapato kilichotajwa, na aliyekopa yuko hatua chache kutoka sokoni kwetu. Natamani mamlaka nyingine za maji na halmashauri zifuate njia hiyo, kwa sharti kwamba hesabu za matumizi zitolewe kwa Kiswahili na kubandikwa mahali ambapo mlipa bili atazisoma.

Ustadh wa Msambweni

Asalaam aleykum. Mmezungumza sana habari za riba, na wengi wetu humu jambo hilo linatugusa katika dini. Je, mwenye kujiepusha nayo abaki na kibubu?

Mhasibu wa Chumbageni

Waaleykum salaam, ustadh. Mimi si mwanachuoni, na hukumu ya jambo hili naiachia kwenu wenye elimu. Ninachoweza kueleza ni kilichopo sokoni. Zimetolewa sukuk hapa nchini, ikiwemo ya benki ya KCB mwaka 2022, ambazo mnunuzi wake hupata malipo yanayotokana na mali au biashara halali badala ya riba ya mkopo. Ipo pia mifuko ya pamoja iliyoundwa kwa kufuata misingi ya sharia, kama Imaan Fund ya kampuni ya iTrust, ambayo haigusi hatifungani za riba wala hisa za kampuni za pombe, na ambayo ina wanazuoni wa kuipitia. Maswali mawili yanabaki yale yale hata huko: fedha inakwenda kwa nani, na faida inatoka wapi. Mfuko wa aina hiyo unaoshindwa kukuonyesha mali iliyo nyuma ya faida unastahili kuhojiwa kama mwingine wowote, na pengine zaidi, maana umetumia jina la dini kupata imani ya watu.

Kijana wa Majani Mapana

Mkuu, kuna kundi la simu nimeunganishwa, wanasema ni mfuko wa uwekezaji wa kimataifa, unaweka laki moja unapata elfu thelathini kila mwezi, na ukileta watu unaongezewa. Wameonyesha hadi cheti cha usajili. Nao ni mfuko wa pamoja?

Mhasibu wa Chumbageni

Mdogo wangu, kaa nao mbali. Nakuomba kwa dhati.

Tumia maswali yale yale. Anayepokea laki yako ni nani? Hujui. Anatoa wapi elfu thelathini kila mwezi? Serikali yenyewe ilipokopa kwa miaka 20 kwa viwango nilivyovitaja hapo juu, ililipa kati ya asilimia 12 na 15.5 tu kwa mwaka mzima. Ni biashara gani italipa asilimia 30 kwa mwezi? Jibu limo kwenye maneno yao wenyewe: ukileta watu unaongezewa. Wa mbele wanalipwa kwa fedha za wa nyuma. Nchi hii ilishapitia hayo mwaka 2009 Serikali ilipoizuia DECI, mpango wa upatu wa aina hiyo hiyo, na waliokuwa wameweka fedha zao, wakiwemo wajane na waumini wa kawaida, walipanga foleni wakitafuta mitaji yao.

Cheti cha usajili wa kampuni ni ruhusa ya kuwa kampuni tu. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya fedha za umma kwa uwekezaji. Ruhusa hiyo hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na orodha ya waliopewa leseni imo kwenye tovuti yake. Jina lisipokuwemo, mazungumzo yameisha. Na kama umekwisha kuweka kitu, usiongeze ili kukomboa cha kwanza, wala usimwite rafiki yako aingie.

Mvuvi wa Sahare

Nimechelewa kuona uzi. Ile hatifungani ya maji sikuinunua wakati ule kwa kuwa msimu ulikuwa mbaya na sikuwa na kitu. Bado naweza kuipata, au mlango umefungwa? Na nikifa, fedha inakwenda wapi?

Mhasibu wa Chumbageni

Mlango wa mauzo ya kwanza ulifungwa, lakini kwa kuwa imeorodheshwa sokoni unaweza kuinunua kutoka kwa mtu anayeiuza. Utahitaji kufunguliwa akaunti ya dhamana kupitia dalali wa soko la hisa au benki inayotoa huduma hiyo, kisha dalali akutafutie muuzaji. Zingatia mambo matatu ukifika huko. Bei utakayotajiwa inaweza kuwa juu au chini ya ile ya awali, kwa sababu nilizoeleza kuhusu karatasi za mwaka 2022. Mnunuzi wa katikati ya kipindi humlipa muuzaji riba iliyokwisha kukusanyika tangu malipo ya mwisho, kwa hiyo usishangae ukiona kiasi kimeongezeka. Tena wauzaji wanaweza kuwa wachache, kwani walionunua hatifungani kama hii mara nyingi hukaa nayo hadi iive, hivyo dalali akikuambia usubiri wiki kadhaa si lazima awe anakuzungusha.

Kuhusu kifo, vipande na hatifungani ni mali kama nyumba au chombo chako cha uvuvi. Huingia katika mirathi, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ndiye atakayedai. Fomu za mifuko mingi zina sehemu ya kumtaja mnufaika. Ijaze kwa majina kamili yanayolingana na kitambulisho chake cha Taifa, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba akaunti hiyo ipo na namba yake imeandikwa wapi.